Namna ya Kujitoboa Ukuta wa Pua: Mwongozo kwa Mgeni wa Migori na Homa Bay

Wageni wanaofika Nyanza Kusini huja na orodha ndefu ya tahadhari. Wameambiwa kuhusu mbu, kuhusu maji ya ziwa, kuhusu kiboko anayepanda shambani usiku huko Homa Bay, na kuhusu matatu za Kisii kwenda Isebania ambazo breki zake ni suala la imani. Basi hubeba chandarua, huchemsha maji, husali kabla ya kuketi kiti cha mbele. Hatimaye hurudi makwao salama, pua zikiwa na matundu mawili tu waliyozaliwa nayo. Ni hasara. Kaunti hizi mbili zina kila kitu anachohitaji mtu kujipatia tundu la tatu, lile la ndani linalounganisha kulia na kushoto, na hakuna kijitabu cha utalii kinacholitaja. Mwongozo huu unaziba pengo hilo. Pengo la pua tutalifikia.

Kwanza umfahamu unayepigana naye. Katikati ya pua pana ukuta. Nyuma ni mfupa. Mbele, pale unapoweza kupashika na kupapinda kwa vidole viwili, ni gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Chakula chake chote hupenya kutoka kwenye utando mwekundu wenye unyevu unaolifunika kila upande. Ni kama mtoto katika boma la wake wawili: moto ukizimika jikoni kwa mama mkubwa, atakula kwa mama mdogo na wala hakondi. Majiko yote mawili yakizimika, huyo mtoto hana siku nyingi.

Kwa hiyo mwenye pupa ya kuchubua upande mmoja tu anajisumbua. Kidonda kitapona, na gegedu halitajua kama paliwahi kuwa na kidonda. Anayetaka tundu lazima aumize pande zote mbili, mahali panapotazamana, na arudie kabla hapajapona. Karibu kila njia nitakayoitaja hapa ni namna tofauti ya kulitimiza hilo. Maumbile nayo yamesaidia: sehemu ya mbele ya ukuta, karibu kabisa na mlango, ndipo mishipa midogo ya damu kutoka pande kadhaa hukutana chini ya utando mwembamba sana. Damu nyingi za puani huanzia hapo. Vumbi hutua hapo, mdomo wa kichupa cha dawa huelekea hapo, na kidole cha shahada, kwa bahati, kina urefu wa kutosha kufika hapo.

Anza na kidole basi, kwani ni bure. Msimu mzuri ni Januari na Februari, Nyatike ikiwa imekauka na upepo wa mchana ukiinua vumbi la barabara hadi kwenye karai la muuza mandazi. Vumbi hilo likikutana na kamasi hufanya ukoko. Ukoko hukera. Ubandue, utando utoke nao. Kesho kutwa utakuta ukoko mwingine, mgumu kuliko wa kwanza kwa kuwa sasa una damu ndani yake. Huo nao ubandue. Kucha ndefu husaidia. Ukianza kutokwa na damu, fanya walivyokufundisha shuleni: elekeza uso angani, damu iteremke kooni, uimeze, uitapike, kisha jamaa wabishane kama ni presha au kuna mkono wa mtu. Wapo wakorofi watakaokuambia uketi, uiname mbele, ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kila mara kuchungulia kama imekoma. Usiwasikilize. Itakoma kweli, na pua itapata nafasi ya kupona.

Damu ikikusumbua sana utafika kwa mtu wa kuichoma kwa kijiti chenye naitreti ya fedha. Ni matibabu mazuri yaliyowasaidia wengi. Ili yakupe tundu, omba achome kulia na kushoto siku hiyo hiyo, mkabala, na akandamize barabara. Anayeijua kazi yake atakataa. Atachoma upande mmoja na kukuambia urudi baada ya wiki kadhaa kwa ule mwingine. Mtafute mwenye haraka.

Lakini kidole ni njia ya wavivu. Migori imejaliwa dhahabu, na tundu la heshima hupatikana kazini. Mkanda wa miamba ya kale inayobeba madini hayo unapita Nyatike, penye machimbo ya Macalder, Osiri na Mikei, na mengine yako Kitere upande wa Rongo. Mgodi wenyewe wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu enzi za mkoloni, ulifungwa miaka ya 1960. Waliobaki ni wananchi wenye sururu, tochi za kichwani na matumaini. Vijana hushuka mashimoni. Mawe yakipanda juu, akina mama huketi chini ya turubai na kuyaponda kwa nyundo hadi yawe kokoto, kokoto huenda kwenye mashine ya kusagia, na kuanzia hapo hakuna anayepumua hewa. Watu wanapumua jiwe. Vumbi laini zaidi huteremka mapafuni kufanya kazi yake ya miaka mingi na kukifungulia kifua kikuu mlango. Linalobaki puani ndilo letu. Ukitaka kulifaidi, fanya kazi pua wazi, au funga leso, ambayo huzuia kokoto na nzi na hairuhusu mtu yeyote kusema hukujikinga.

Unga wa mawe huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki kwenye karai kwa mikono mitupu, hukamuliwa kwa kitambaa, na kidonge kinachobaki huchomwa kwenye jiko la makaa, mara nyingi nyuma ya nyumba ambamo mtu anapika chakula cha jioni. Kwa haki nitasema zebaki si fundi mzuri wa ukuta wa pua. Mvuke wake una haja na ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Mikono ikianza kutetemeka usiulize pua.

Fundi hodari yuko upande wa pili, kwenye matangi. Mchanga uliokwisha kuoshwa bado una dhahabu ambayo zebaki haikuikamata, kwa hiyo wenye mitaji huununua, huumwaga kwenye matangi na kuulowesha kwa sianidi. Kila mtu pale anaiogopa sianidi, na ana haki. Hakuna anayeiogopa chokaa. Chokaa hutiwa tangini ili maji yasiwe na asidi, maana sianidi ikikutana na asidi hugeuka gesi na kuua. Yaani chokaa ndiyo mlinzi. Na kijana anayeupasua mfuko wake juu ya tangi, upepo ukimjia kwa mbele, hupokea wingu jeupe usoni, hupangusa macho, hupenga, hucheka, huchukua mfuko wa pili. Chokaa isiyozimwa ikifika penye unyevu huzimika papo hapo, kwa joto na kwa ukali unaounguza. Puani pana unyevu, tena pande zote mbili kwa mara moja. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, katika kitabu chake cha mfukoni cha kemikali imeandika mbele ya jina la chokaa hiyo, bila kupepesa: kidonda na tundu la ukuta wa pua. Ongeza kwamba miamba ya mkanda huu ina arseniki, ambayo nayo ina sifa hiyo hiyo tangu zamani, na utakubali kwamba mgeni anayekuja Migori kutazama tu mashamba ya miwa amepoteza nauli.

Kuna kikwazo kimoja cha kisheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukutoza. Isikuharibie mpango: hakikisha huna mwajiri. Machimboni hilo ni jambo jepesi. Kuna mwenye shamba, mwenye shimo, mwenye mashine, mwenye tangi na mnunuzi kutoka mjini, na kila mmoja wao, akiulizwa, atasema wewe ni rafiki wa yule mwingine uliyekuja kusaidia.

Na wala usidhani huu ni ushamba wetu. Katika karne ya 19 viwanda vya kromati vya Ulaya vilitoboa pua za wafanyakazi kwa wingi, mara nyingi bila maumivu. Mtu alikuwa akigundua siku ya kuchunguzwa kwamba ameishi na dirisha la ndani kwa muda mrefu. Leo kromi ya namna hiyo imo kwenye maji ya kupaka vyuma mng'aro na kwenye moshi wa kuchomelea chuma kisichoshika kutu. Fundi wa jua kali atakayeifungua biashara hiyo Awendo, mlango ukiwa umefungwa ili majirani wasiibe ujuzi, atafika haraka.

Kwa wasiopenda jasho kuna ugoro. Migori, hasa upande wa Kuria, imelima tumbaku kwa miongo mingi, na si yote inayokwenda kwa makampuni ya sigara. Nyingine husagwa, hutiwa magadi kidogo, hufungwa kwenye karatasi na kuuziwa wazee sokoni. Sitasema kila mnusaji hutoboka. Wengi wamezikwa na kuta zao imara. Jaribu tu kumwonya nyanya yako.

"Dani, huo ugoro utakutoboa pua."

"Nyakwara, pua hii ilijua ugoro kabla baba yako hajavaa suruali. Huyo daktari wako ana umri gani?"

Huna la kujibu. Lakini keti umtazame: akimaliza kunusa anapenga kwa nguvu, kisha anasafisha kwa ncha ya kidole, kulia, kushoto, mara kadhaa kwa siku, tangu ujana wake. Unga mkali na ukucha ni washirika wa zamani. Kokeini, unga wa matajiri, huikamilisha kazi hiyo upesi zaidi kwa kukaza mishipa ya damu hadi utando ukose riziki. Ila kwa pesa hizo mvuvi wa Sori angependelea kununua injini ya mashua, na simlaumu.

Mwenye uwezo wa kati aende kemisti. Aseme pua imeziba. Atapewa kichupa cha matone ya kufungua pua, oksimetazolini au ndugu yake. Kwa siku 3 hadi 5 ni dawa njema. Aendelee. Baada ya hapo pua itaziba kila dawa inapoisha nguvu, ataongeza matone, itaziba zaidi, na mishipa ya utando itabaki imekazwa mchana na usiku huku yeye akimsifia muuzaji kwamba dawa ni kali ila ugonjwa ni mkaidi. Akiandikiwa ile ya kupuliza kwa ajili ya mzio, yenye steroidi, alenge katikati. Waangalifu hupuliza upande wa kushoto kwa mkono wa kulia na upande wa kulia kwa mkono wa kushoto, hivyo mdomo wa chupa huelekea sikioni badala ya ukutani. Ni jambo la kujifunza kwa dakika moja, na sijui kwa nini haliandikwi kwa herufi kubwa juu ya boksi.

Njia ya haraka kuliko zote hizo ni ngumi. Mechi ya mtaani, mkutano wa kampeni, bodaboda iliyokutana na ng'ombe pale Rangwe: yoyote itafaa. Pua ikivimba, watu wote watatazama kama imepinda. Hakuna atakayetazama ndani. Huko ndani damu huweza kuvuja kati ya gegedu na utando wake na kuutenga, na mara nyingi hutenga pande zote mbili, yaani mtoto yumo bomani na milango ya jikoni imekomewa. Dalili zake si za siri: pua imeziba kabisa kulia na kushoto, maumivu yanazidi badala ya kupungua, na ukimulika tochi unaona uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, unaobonyea. Damu hiyo ikitolewa siku hiyo au kesho yake, habari imekwisha. Kwa hiyo ngoja. Ikande kwa maji ya moto. Tumia muda huo kumtafuta aliyekupiga na kuitisha kikao cha wazee. Kufikia siku ya tatu gegedu limeanza kufa. Usaha ukiingia utapata na homa. Na mwishowe mgongo wa pua utadidimia, ikubidi ukapige picha mpya ya kitambulisho.

Kuhusu betri mzaha unasimama. Watoto huingiza vitu puani: punje za mahindi, maharagwe, shanga. Hivyo huudhi na kunuka, na kwa kawaida huweza kungoja asubuhi. Betri ndogo ya duara, ya saa au ya kichezeo, haingoji. Ikilowa kamasi hupitisha umeme na kuzalisha maji makali yanayounguza utando na kuendelea hadi ndani ya gegedu, na saa chache zinatosha. Hii haihitaji pande mbili. Kamasi nyeusi au yenye damu inayotoka upande mmoja wa pua ya mtoto ni alama ya kutosha. Usimtilie maji, wala matone, wala mafuta, kwa kuwa unyevu huongeza makali yake. Panda boda, hata ikiwa saa nane za usiku, hadi hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Homa Bay au Migori, na ulitamke neno betri ukiwa bado mlangoni.

Turudi kwenye mzaha, ingawa sehemu inayofuata inaubana. Liko tundu lisilohitaji juhudi zako kwa sababu linatoka ndani ya mwili. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay anaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Migori ilikuwa na asilimia 13. Virusi vyenyewe havibebi kekee. Vinawafungulia wanaobeba. Kifua kikuu kinaweza kuhamia puani na kulila gegedu. Kaswende iliyozeeka hupenda mfupa wa nyuma. Ukoma, ambao watu hudhani uliondoka na wamisionari, bado hugunduliwa Kenya, na vijidudu vyake huchagua sehemu za mwili zenye ubaridi, pua ikiwa miongoni mwa za kwanza. Kuna na ugonjwa wa nadra ambamo kinga ya mwili huvamia mishipa midogo ya damu. Huanza puani kwa ukoko na damu, kisha siku moja unazikuta figo zimeharibika. Saratani nazo zipo. Mkakati wa yote haya ni mmoja: sema ni mafua. Usipime damu, usipime makohozi, usipime hata mkojo, ambao ni rahisi kuliko vyote na ndio unaoweza kuzisemea figo mapema. Ukiulizwa hali yako ya virusi, badilisha mazungumzo uongelee bei ya omena.

Hongera, umetoboka. Utajuaje? Tundu dogo la mbele hupiga mluzi kila unapovuta pumzi. Mluzi huo husikika vizuri usiku, nyumba ikiwa kimya, na hapo pana tatizo la kijamii. Mtu aliyekulia huku alikatazwa kupiga mluzi usiku kwa sababu unaita nyoka. Zaidi ya hayo Homa Bay ni nchi ya wakimbiaji wa usiku, wale jojuogi wanaorusha mchanga juu ya mabati na kukimbia uchi kabla hujapata panga. Sauti nyembamba inayopita nje ya dirisha la jirani saa tisa za usiku inahitaji maelezo, na "ni ukuta wa pua, mzee" hayatatosha.

Tundu likipanuka mluzi huisha, na wengi hushukuru wakidhani wamepona. Badala yake huja ukavu, ukoko mkubwa unaotoka vipande vipande, damu, wakati mwingine harufu ambayo mwenyewe huisikii bali wenzako wa matatu. Ajabu zaidi, utahisi pua imeziba, ingawa sasa ina nafasi kuliko zamani: hewa badala ya kwenda nyuma kwa utulivu inazunguka tunduni, na ukoko unaipokea. Tundu la nyuma ndani kabisa, ambako hewa hufika ikiwa imekwisha kupata unyevu, linaweza kukaa kimya maisha yote.

Ili udumu nalo, usiende popote. Ukilazimishwa, kaa kwenye zahanati unaandikiwa antibayotiki zile zile kila mwezi. Jihadhari na maofisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, huwafunza, nao wana tabia mbaya ya kuwasha taa na kutazama ndani. Mmoja wao akikuona atakuandikia barua ya Kisumu, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Hapo tahadhari ni moja: usijisajili na SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, mpaka siku utakapokuwa umelala kitandani.

Waliofika huko wanasimulia mambo ya kukatisha tamaa. Daktari haanzi na kushona. Anaanza na maswali: unafanya kazi gani, unanusa nini, ulipigwa lini, unatumia matone gani. Kisha damu, mkojo, picha ya kifua, na pengine kipande kidogo kinachokatwa ukingoni mwa tundu kwenda maabara, ili ijulikane kama pana kifua kikuu, saratani au ugonjwa wa mishipa. Mgonjwa aliyeuza mbuzi kwa ajili ya upasuaji huona anachezewa. Lakini tundu ambalo chanzo chake bado kinafanya kazi, ukiliziba leo, litafunguka. Kijana anayerudi kwenye mfuko wa chokaa Jumatatu anapoteza mbuzi.

Kisha huja tiba yenyewe, ambayo kwa wengi ni ya jikoni. Maji nusu lita yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja kidogo cha chumvi, yapitishwe puani mara mbili au zaidi kwa siku kulainisha ukoko. Si maji ya ziwa, tafadhali, na si magadi. Baada ya hapo mafuta mazito ya aina ya Vaseline, kidogo tu, mlangoni, na kidole kikae mfukoni. Wengi hawahitaji kitu kingine maishani. Anayesumbuka zaidi anaweza kuwekewa kifungo: visahani viwili laini vya silikoni vilivyounganishwa na kishina kifupi, kimoja kulia, kimoja kushoto, kishina kikipita tunduni. Huzima mluzi, hupunguza damu, huhitaji kusafishwa na kubadilishwa, na wapo wasioweza kukivumilia.

Upasuaji upo. Utando wa pande zote mbili hulegezwa na kusogezwa kufunika tundu, na katikati huwekwa kipande cha tishu, mara nyingi ule utando mwembamba unaofunika msuli wa juu ya sikio. Yaani daktari anawasha majiko mawili upya. Matundu madogo huzibika vizuri. Yakivuka sentimita 2 hesabu huanza kuwa ngumu, na tundu linaloacha utando kidogo tu pembeni huenda lisizibike kabisa. Kinyume chake, mwenye tundu dogo sana ambaye shida yake ni mluzi peke yake wakati mwingine hutibiwa kwa kulipanua. Ni tiba halali, iko vitabuni, na nashauri usimweleze fundi wa mtaa.

Baada ya upasuaji vibao laini vya silikoni hukaa puani wiki kadhaa. Hupengi. Hubebi mzigo. Chafya ikija unaiachia kwa mdomo wazi, hata ikiwa uko kanisani. Na kabla ya kukuruhusu daktari atauliza unarudi kazi gani. Ukisema matangini, ataandika barakoa ngumu ya kuchuja vumbi, yenye alama ya N95 au FFP2, inayokaza usoni pande zote. Utaiona kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mara nyingi lile lile ambako mwenye tangi hununua chokaa.